Shefu wa Majani na Mashine Iliyozidi Kiwanja

Wapo watu wanaonunua viatu vikubwa halafu wanangoja miguu ikue. Shefu alikuwa mtu mzima mwenye mvi alipofanya hivyo, na viatu vyake vilikuwa na injini.

Ninamzungumzia jirani yangu wa Kanombe, upande ule unaoteremka kuelekea Busanza. Jina alikuwa nalo, kama watu wote, ila hakuna aliyelitumia. Kwa Kifaransa chetu cha Kigali mkubwa wa kazi huitwa shefu, naye alikuwa mkubwa wa kazi ya kukata majani ya uwanja wa ndege. Usicheke. Majani yakirefuka pembeni mwa njia ya ndege, alinieleza, ndege wa mbawa huja kutaga, na ndege wa mbawa akiingia kwenye injini ya ndege ya abiria, basi ni msiba. Kwa hiyo kila ndege iliyotua salama ilikuwa kazi ya mikono yake. Rubani alisaidia kidogo.

Mimi ni mshonaji, mtoto wa Biryogo, mtaa wa Waislamu na Kiswahili hapa Kigali, ndiyo maana sikionei haya Kiswahili changu. Niliolewa na dereva wa malori ya Dar, akanihamishia huku kwenye upepo na kelele za ndege, kwenye kiwanja alichoachiwa na mama yake. Kati yetu na Shefu palikuwa na uzio wa miyenzi, ile miti ya kijani isiyo na majani ya maana, ambayo ukiivunja inatoa maziwa meupe yanayochoma macho. Mama mkwe wangu aliipanda kwa mkono wake, kijiti kwa kijiti. Uzio huo ndio uliotugombanisha mimi na Shefu, na nitaufikia.

Kwanza nimpe haki yake. Kwa viwanja vya watu wengine, Shefu alikuwa na akili. Wenye majumba wa Kicukiro, wale waliokuwa na bustani za kupigia picha za harusi, walimfuata Jumapili baada ya misa kumwuliza wanunue mashine gani ya kukatia majani. Wengi walikuwa wameshaichagua moyoni: ile ya kukaliwa kama trekta, yenye usukani na kiti, ili jirani aone. Shefu alifika na kopo tupu la nyanya mfukoni. Hakutazama majani kabisa. Aliuliza lango lina upana gani, kwa sababu mashine nyingi, alisema, hufika nyumbani zikaishia barabarani. Kisha akauliza miti iko mingapi, maana kila mti ni kona, na kila kona mashine kubwa inaiacha na ndevu. Mwisho alililaza kopo chini, akaliachia, akatazama linavyobingirika kwenye mteremko. Likikimbia, alitikisa kichwa.

"Hapa mashine ya kukaa itakupindukia, papa. Tafuta ya kusukuma."

Mfanyabiashara mmoja, mwenye tumbo la heshima na bustani ndogo kuliko tumbo, alikataa katakata. Alitaka kubwa. Shefu akazunguka ile bustani mara moja, hakuhitaji mara ya pili, akamwambia, "Hii iko majani ya mbuzi moja. Nunua mbuzi." Yule bwana hakumpa hata soda. Shefu alirudi nyumbani ameridhika, akatusimulia habari hiyo wiki nzima, kila mara mbuzi akizidi kuwa mdogo.

Msemo wake ulikuwa mmoja: pima kwanza, tamani baadaye. Aliusema kwa mashine, akausema kwa wasichana waliokuja kwangu kushonewa nguo za harusi, akausema hata kwa padri aliyetaka kujenga mnara. Sijui mtu aliyeusema mara nyingi kuliko yeye, na sijui mtu aliyeufuata mara chache kuliko yeye.

Vita vilipoanza kule kaskazini mwaka wa tisini, baadhi ya wazungu wakaanza kufunga masanduku. Mmoja wao, mhandisi, alikuwa na mashine ya kukaliwa, nyekundu, yenye taa mbele kama gari, iliyokuwa ikikata majani ya bustani ambayo ungeweza kucheza mpira ndani yake ukapata na nafasi ya watazamaji. Shefu akaenda kuiaga. Alirudi nayo kwenye pikapu.

Haikupita langoni. Nasema kweli tupu. Mtu aliyekuwa akiwauliza matajiri wa Kicukiro upana wa malango yao alisimama barabarani, mikono kiunoni, akilitazama lango lake mwenyewe kama mgeni. Watoto wa mtaa mzima walikuwepo, na mimi nilikuwepo, na sikujificha. Alichukua nyundo akabomoa nguzo moja. Jioni ile ile akaniambia kuwa lango lilikuwa na kasoro tangu zamani.

Sasa, kiwanja chake. Ukitoa nyumba, jiko, choo, banda la mbuzi, migomba, maharage ya mkewe na viazi vitamu vya mkewe, sehemu ya majani iliyobaki ungeweza kuifunika kwa mikeka miwili. Mtu mwingine angeuza mashine. Shefu aliuza mbuzi. Kisha akakata migomba. Kisha akang'oa viazi vitamu, na baada ya viazi, maharage, akapanda ukoka mahali pa chakula. Mkewe, mama mpole asiyepandisha sauti hata kwa kuku, alikuja kukaa kwenye chumba changu cha cherehani. Akasema mumewe ameoa mke wa pili, mwekundu, anayekunywa petroli, naye hana la kufanya isipokuwa kumtafutia maharage yake shamba lingine. Nilicheka hadi sindano ikanichoma. Yeye hakucheka.

Na huyo mke wa pili alijengewa nyumba. Jiko la mama wa watu lilikuwa la udongo na moshi, lakini banda la mashine lilijengwa kwa matofali ya kuchoma na bati jipya. Tena lilikuwa refu. Mashine ilikaa mbele, na nyuma yake pakabaki chumba kizima kitupu. Mkewe aliomba aweke kuni pale. Hapana. Aliomba aweke magunia ya maharage. Hapana. Hiyo, alisema Shefu, ni nafasi ya trela, maana mashine ya namna ile siku moja huvuta trela. Trela yenyewe hatukuiona kamwe. Mtaa mzima ulikipitisha kile chumba mdomoni. Kulikuwa na familia za watu wanane zinazolala katika nafasi ndogo kuliko ile ya trela isiyokuwepo.

Jumamosi alasiri alipanda. Aliwasha, akaenda mbele hatua chache, akafika ukutani, akarudi nyuma, akafika jikoni, akapinda, akakwama, akashuka, akaisukuma, akapanda tena. Kwa fyekeo kazi ile ingekwisha kabla chai haijapoa. Yeye ilimchukua hadi jua kuzama, na kila aliyepita njiani aliinuliwa mkono wa salamu kutoka juu ya kiti. Nadhani hiyo ndiyo ilikuwa kazi yenyewe.

Alipanda amevaa kofia. Miaka ile vyama vya siasa vilichipuka kama uyoga, na kila chama kiligawa kofia, na Shefu alipokea zote. Leo amevaa ya hawa, wiki ijayo ya wale, wiki nyingine ya wale wanaotaka kuwachinja hawa. Vijana wenye chama chao wakamwuliza yuko upande gani. Akajibu kuwa jua halina chama. Jibu la mtu mwerevu, au la mtu mjinga, au la mtu anayeficha jambo. Mimi sikujua, na kutojua kulininyima usingizi.

Niseme kwa nini. Mume wangu ni Mtutsi, na kwetu watoto hufuata baba, na jambo hilo liliandikwa kwenye kitambulisho bila haya. Vita vilipoanza, yeye na wengine wengi walikusanywa, wakafungwa kwa kosa la kuwa walivyo. Alirudi mbavu zikihesabika, na tangu siku hiyo hakucheka. Alikula, alienda Dar na lori, alirudi, aliwashika watoto kichwani, lakini kucheka hapana. Ndipo nilipoupenda uzio wa mama mkwe. Miyenzi ile ilikuwa imeshonana hata jicho halipiti. Hakuna aliyejua nani kaja kwetu, nani kalala, nani anakula nini. Uzio ule ulikuwa ndio amani yangu yote iliyobaki.

Na Shefu, Mungu ampe akili, akautaka.

Mashine haipati pa kugeukia, alisema. Tukifungua uzio kidogo, itapita kwangu, itazunguka nyuma ya jiko langu, itarudi kwake imegeuka vizuri, na mimi nitakatiwa majani bure. Nikamjibu kuwa majani yangu hayajalalamika. Akaja tena. Nikamkumbusha habari ya kopo la nyanya. Akanuna mwezi mzima, na alipita mbele ya mlango wangu akiisalimia cherehani.

Halafu siku moja, Jumapili mchana, mume wangu akiwa nyumbani, tukaona watu wanaingia. Mbele mzee mmoja wa kanisani kwao, ameshika fimbo, amevaa koti. Nyuma yake Shefu, suti ya kijivu, amenyoa. Nyuma yake mkewe na kreti ya fanta, kwa kuwa walijua kwangu pombe haiingii. Wakakaa bila kukaribishwa mara mbili. Mzee akakohoa, akasimama, akaanza kusema kama wanavyosema wazee wa kwetu wanapokuja kuomba mchumba.

"Tulikuwa tunapita njia yetu," alisema, "tukaona katika boma hili binti. Amesimama wima. Ana afya. Ana maziwa. Kijana wetu hapa hali, halali. Tumekuja kuomba."

Nilidhani amekosea nyumba. Binti yangu alikuwa bado anang'oka meno ya utoto. Ndipo nikaona fimbo yake imeelekea wapi. Walikuwa wamekuja kuuposa uzio.

Sasa desturi ni desturi. Mwombaji akisema, mwenye nyumba lazima ajibu, na lazima kwanza akatae, amtese kidogo. Nikamtazama mume wangu nikitumaini atawafukuza. Yeye akajinyoosha kitini, akasafisha koo, akamwuliza mzee kama kijana huyo ana kazi. Anayo, ya uwanja wa ndege. Ana tabia gani? Hanywi sana. Tunasikia ana mke mwekundu nyumbani, je, binti yetu atakuwa wa pili au wa tatu? Mkewe Shefu akasema kwa sauti ndogo kuwa yeye ameshazoea. Na hapo mume wangu akacheka. Alicheka akainama, akashika magoti, machozi yakamtoka, na watoto wakaja mbio kutoka nje kuona baba ana nini.

Basi nikautoa. Watu wasiseme Shefu alinishawishi. Sikushawishika hata kidogo, na kofia zake zilinitisha vilevile. Niliutoa kwa ajili ya kicheko kile. Masharti yangu yalikuwa pengo liwe nyuma ya jiko, pasipoonekana kutoka barabarani, na lisizidi upana wa mashine hata kidole. Shefu akapima. Akapima magurudumu. Akasahau kuwa kisanduku cha visu kimetokeza nje ya magurudumu pande zote mbili, akakwama katikati ya miyenzi, maziwa yakamrukia suruali, ikabidi akate tena. Shefu wa Majani, bwana.

Toka siku hiyo akaniita mkwe. Mkwe, umeamkaje? Mkwe, una nyuzi nyeusi? Aliniita hivyo sokoni, mbele ya watu, nami nikakaza uso. Desturi ilimpa haki, alisema. Amekunywa fanta kwangu, ameoa kwangu, tumekuwa watu wa nyumba moja. Niliona ni porojo za mzee aliyekosa pa kugeukia.

Ikaja Aprili ya tisini na nne, mauaji ya Watutsi yakaanza. Sitaisimulia yote, wala sitaifanyia mzaha. Mume wangu alikuwa Dar na lori. Asubuhi ile vijana walikuwa wameshaweka gogo la kuzuia watu kwenye njia panda yetu, na nilisikia wanavyoyataja majina ya nyumba, na la kwetu lilikuwemo. Mbele palikuwa na barabara, na barabarani walikuwepo wao. Pande nyingine zote kulikuwa na miyenzi iliyoshonana, ile niliyoipenda kwa kuwa hakuna apitaye. Nikawashika watoto mkono huku na huku, tukapita kwenye pengo la mashine.

Shefu alikuwa kwenye mlango wa banda anapaka grisi. Siku kama ile, anapaka grisi. Alitutazama watatu, akatazama nyuma yetu, akaweka kitambaa chini.

"Mkwe," alisema, "ingia nyuma. Na watoto wasiguse karbureta."

Tulikaa katika nafasi ya trela. Tulikaa siku ambazo sikuzihesabu, kwenye sakafu ya saruji, nyuma ya magunia ya maharage ambayo mkewe hatimaye aliruhusiwa kuyaweka. Alituletea chakula ndani ya ndoo, amefunika kwa majani yaliyokatwa. Shefu alitukera hata humo. Alininong'oneza nisiegemee gurudumu, alilalamika kuwa mwanangu amekalia mfuniko wa oili, na mara moja alinieleza, mimi niliyekuwa nasubiri kufa, tofauti ya visu viwili na visu vitatu.

Walikuja mchana kutafuta. Mtoto wangu mdogo alikuwa na kikohozi. Shefu akavaa kofia iliyotakiwa siku hiyo, maana alikuwa nayo, akapanda kwenye kiti mlangoni mwa banda akawasha injini. Kelele ikajaa. Wakamwuliza kuna nini huko nyuma. Akasema ni nafasi ya trela. Trela gani? Hapo akapata alichokuwa akikingoja. Akawauliza kama wanajua kuchagua mashine ya kiwanja. Akamwuliza mkubwa wao nyumbani kwake lango lina upana gani. Akatoa kopo la nyanya. Niliwasikia, juu ya injini ile, wanaume wenye mapanga wakielezwa habari ya mteremko, ya miti, ya kona na ndevu za kona, hadi wakachoka kabisa. Mkubwa wao alisema atakuja kumwona akipata nyumba nzuri. Na nyumba nzuri siku zile zilikuwa zikipatikana.

Walipoondoka hakuizima injini hadi petroli ikaisha. Majirani wengine wa njia yetu hawakuwa na mkwe. Hawapo tena, na mimi nawakumbuka kila ninapoweka uzi kwenye sindano.

Vita vilipotupita vikaenda mbele, Shefu na mkewe walikimbilia kwa ndugu, nasi tukarudi Biryogo. Mashine haikungoja mtu. Askari mmoja wa wale waliokuwa wakikimbia aliiendesha kuteremka Busanza, na kopo la nyanya lingeweza kumwambia mwisho wake. Ilipinduka bondeni, magurudumu juu, na mtu akachukua kiti.

Nilimwona Shefu mwishoni mwa mwaka, mvua zikiwa zimerudi. Kanombe ilikuwa imejaa watu wapya, waliokulia uhamishoni Uganda na Bujumbura, wakiulizana kwa Kiingereza na Kirundi nyumba ipi ina mwenyewe. Mume wangu alikuwa amerudi kutoka Dar, tukaja pamoja kuona kama yetu ingali yetu. Ilikuwepo. Upande wa pili, kwenye uwanja wa majani wa Shefu, mkewe alikuwa amepanda maharage hadi mlangoni, na alinipungia mkono bila kuacha palizi.

Shefu alikuwa amepiga magoti kwenye pengo. Amekonda, suruali imekunjwa, kichwani hana kofia ya mtu yeyote. Alikuwa akipanda vijiti vya miyenzi, kimoja kimoja, mikono yake imejaa maziwa meupe. Alikuwa ameshafika karibu nusu. Nilimwuliza anafanya nini.

"Mashine haiko tena," alisema, bila kuinua macho. "Niliomba kwa sababu ya mashine. Sasa narudisha mtu kwao, mkwe. Sitaki mseme nilimwoa nikamtelekeza."

Mume wangu aligeuka akatazama mbali. Mimi nilikuwa na maneno mengi niliyoyatunza tangu Aprili, mazuri, ya heshima, niliyoyafanyia mazoezi Biryogo nikishona. Badala ya kuyasema niliinama nikang'oa kijiti alichotoka kukipanda, na cha pili, na cha tatu, nikavitupa.

"Kwetu aliyeolewa harudishwi," nikamwambia.

Akafuta mikono kwenye majani, lakini maziwa yale hayafutiki. Kisha, kwa kuwa alikuwa Shefu na asingeweza kuwa mtu mwingine, akauliza pengo sasa liachwe na upana gani, maana kazi haifanywi bila kipimo.

Nikamwambia aliache kwa upana wa mama mmoja na watoto wawili wanaokimbia wameshikana mikono.

Alilifikiria kwa makini, uso ule ule wa bustani za Kicukiro. Alisimama katikati, akanyoosha mikono yote miwili, akatazama huku akatazama kule. Kisha akapiga magoti tena akang'oa vijiti viwili zaidi.